Kozi Fupi za Winta kwa Wanafunzi wa MBA: Maswali Yanayorudi Kila Mwaka

Kila Oktoba ikifika maswali ni yale yale, watu wanaulizana koridoni, wanaulizana kwenye magrupu, na kila mtu anajibu anavyojua. Nimeyakusanya hapa. MBA ni shahada ya uzamili ya biashara, na nimeangalia zaidi vyuo vya Marekani maana huko ndo hizi kozi zimekolea. Ratiba ya chuo chako ikisema kitu tofauti na nilichoandika, fuata ratiba ya chuo chako.

## Mambo ya msingi

Kozi za winta ni kitu gani hasa?

Ni kozi za kuchagua zinazofundishwa kwenye lile pengo kati ya muhula wa vuli na muhula wa machipuko, yaani kuanzia mwisho wa Desemba mpaka katikati au mwisho wa Januari. Badala ya kukutana mara moja au mbili kwa wiki kwa miezi mitatu na zaidi, mnakutana kila siku, asubuhi mpaka jioni, siku tano, au wiki mbili, na ikiisha imeisha. Vyuo vinaziita majina tofauti: muhula wa Januari, muhula mdogo, wiki ya bloku, kozi ya intensivu. Ukiona lolote kati ya hayo jua tunaongelea kitu kimoja.

Hazijaanza jana. Chuo cha MIT cha Marekani walitenga mwezi mzima wa Januari kwa ajili ya mambo ya aina hii tangu 1971, wanakiita kipindi cha IAP, na shule yao ya biashara ya Sloan nayo inaishi ndani ya kalenda hiyo.

Zinabeba krediti ngapi, na hesabu yake inatoka wapi?

Krediti ni kipimo cha uzito wa kozi, unazikusanya mpaka zitoshe kuhitimu. Nyingi ni krediti 1.5, ila zipo za 1, zipo za 2, na zipo za 3 kwa zile zinazochukua wiki mbili au zaidi.

Hesabu haitoki hewani. Kanuni ya serikali ya Marekani inasema krediti moja ni kama saa moja ya darasani na angalau saa mbili za kazi nje ya darasa, kila wiki, kwa wiki kama 15. Jumla inakuwa saa 45 za kazi kwa krediti moja. Sasa chukua kozi ya krediti 3: saa 135. Uiweke kwenye siku kumi za masomo, unapata saa 13 na nusu kwa siku. Haiwezekani, ndo maana kozi hizi zinaanza kabla ya siku ya kwanza na zinaisha baada ya siku ya mwisho. Angalia swali la kazi ya kabla huko chini, ndo swali muhimu kuliko yote kwenye ukurasa huu na ndo watu wanaloliruka.

Kwa hiyo ni rahisi kuliko kozi ya muhula mzima?

Hapana. Kalenda ni fupi, kazi ni ile ile. Kinachokuwa rahisi ni kichwa kukaa kwenye kitu kimoja, maana hauna kozi nyingine nne zinakuvuta shati. Kinachokuwa kigumu ni kwamba hakuna wikiendi ya kujipanga, ukipotea Jumanne saa nne asubuhi basi Jumanne mchana umeshaachwa na Jumatano unatazama tu watu wanavyoandika.

Ni lazima nichukue?

Kwa programu nyingi sio lazima. Kwenye baadhi ya programu za jioni na za wikiendi muhula huu umewekwa ndani ya mpango wa kuhitimu, hao wanajulikana na wanaambiwa mapema. Ukiwa nje ya hapo, kupumzika Januari sio uvivu.

Masomo gani yanafaa kusomwa kwa wiki moja, na yapi hayafai?

Hapa nina maoni makali kidogo. Somo linalojifunzwa kwa kufanya na kurudia linafaa sana. Somo linalotaka usome, ukae nalo, usahau, urudi tena, halifai. Kwa hiyo majadiliano ya mikataba, kutengeneza modeli za fedha kwenye Excel, lugha za kompyuta kama SQL au Python za kuanzia, kuongea mbele ya watu, kubuni bidhaa, usimamizi wa mnyororo wa ugavi kwa simulesheni, hayo ndiyo. Nadharia ya fedha, uchumi wa hali ya juu, takwimu nzito, ningekwambia subiri muhula mzima, hata profesa awe mzuri namna gani.

Chukua majadiliano. Asubuhi mnapewa karatasi, wewe muuzaji mwenzako mnunuzi, kila mmoja ana siri zake ambazo mwingine hazioni. Mnaenda kona mnavutana dakika arobaini. Mnarudi, profesa anaandika bei ya kila jozi ubaoni, na hapo ndo unaona wenzako waliokuwa na karatasi ile ile kama yako wameuza kwa bei ambayo wewe hukuthubutu hata kuitaja. Unaulizwa, BATNA yako ilikuwa nini, yaani dili likivunjika ungefanya nini? Unagundua hukuwa umefikiria. Mchana mnarudia na kesi nyingine, yaani kisa kingine cha biashara, kesho tena, keshokutwa tena. Ile aibu ya Jumatatu bado ni mbichi Jumanne, na ndo inafundisha. Kwenye muhula wa kawaida ungekaa wiki nzima ukajisamehe.

Mfano wa pili ni ule mchezo wa bia, ambao ulizaliwa MIT na bado unachezwa kwenye shule za biashara dunia nzima. Mezani kuna viti vinne: muuza rejareja, muuza jumla, msambazaji, kiwanda. Hamruhusiwi kuongea. Kila "wiki" unaandika oda kwenye kikaratasi unampa wa juu yako, yaani anayekuuzia, na mzigo unachukua wiki kadhaa kufika. Kreti ikikaa stoo wiki moja inakula senti 50, ukidaiwa kreti ambayo huna inakula dola 1. Kwenye toleo la kawaida mteja anaagiza kreti 4 kila wiki mwanzoni, alafu wiki ya tano anapanda mpaka 8 na anabaki 8 mpaka mwisho. Hivyo tu. Lakini kiwandani oda zinaruka mpaka makumi, alafu zinaporomoka sifuri, stoo zinafurika, na kila mtu mezani anaapa mteja amechanganyikiwa. Profesa anapofunua karatasi ya mteja, ukumbi unakaa kimya alafu unacheka. Unaelewa kwa nini mchezo huu unahitaji masaa ya mfululizo, ukiukatiza katikati kwa sababu kipindi kimeisha umeua kitu chote.

Zile zisizo na krediti zina faida yoyote?

Zinayo, ila sio ya transkripti, ile karatasi rasmi ya kozi na greda zako. Harvard Business School kwa mfano wana programu fupi za Januari ambazo hazina krediti, mtu anaingia kwa sababu anataka. Uzuri wake huna presha ya greda, unaweza kujaribu kitu ambacho usingethubutu. Ubaya wake ni huo huo, bila greda nusu ya watu siku ya tatu hawaonekani. Kama unajijua ni mtu wa aina hiyo, lipa krediti ufungwe kamba.

## Kujiandikisha

Dirisha linafunguka lini?

Kawaida Oktoba au Novemba, mara nyingi pamoja na usajili wa muhula wa machipuko. Watu wengi hawaangalii kwa sababu wamezama kwenye mitihani ya katikati ya muhula, wanakuja kushtuka Desemba wakati kilichobaki ni kozi ambayo hakuna aliyeitaka.

Vyuo vingine vinagawa nafasi kwa mnada wa pointi, yaani unapewa pointi unazitumia kugombea kozi, vingine kwa bahati nasibu, vingine aliyewahi kapata. Shule ya biashara ya Wharton walikuwa na mnada wakauacha, na tangu 2013 wanatumia mfumo wa Course Match ambapo unaeleza unavyozithamini kozi na kompyuta ndo inapanga. Kama kwenu ni pointi, kosa la kawaida ni kuzimaliza zote kwenye kozi moja ya winta yenye jina tamu alafu muhula wa machipuko unakaa na sifuri. Uliza kwanza kama pointi za winta na za machipuko zinatoka kwenye mfuko mmoja.

Niko kwenye foleni ya kusubiri, nina matumaini?

Zaidi ya unavyofikiri. Watu wanajiandikisha Oktoba wakiwa na hamu, Desemba wanapata ofa, wanakata tiketi za kwenda nyumbani, wanajitoa. Nafasi nyingi zinafunguka wiki ya mwisho kabla ya kozi na hata asubuhi ya siku ya kwanza. Shida ni kwamba na wewe itabidi uwe mjini na uwe umeshasoma. Mimi ningesoma kazi ya kabla hata nikiwa foleni, ukiingia siku ya kwanza bila kusoma ni afadhali usingeingia.

Kitu kimoja: usimuandikie profesa imeili tano. Moja fupi, iliyosema kwa nini unaitaka na kwamba utakuwepo siku zote, inatosha.

Mimi ni mwaka wa kwanza, naruhusiwa?

Inategemea kozi za lazima ulizomaliza. Kozi ya kutathmini thamani ya kampuni itataka uwe umepita uhasibu na fedha ya msingi, na hapo hawana mchezo kwa sababu hakuna muda wa kukufundisha mizania Jumatatu asubuhi. Majadiliano au uongozi kwa kawaida hayana masharti. Lakini kabla hujabonyeza kitufe nenda kasome swali la intavyuu huko mwisho, kwa mwaka wa kwanza hilo ni zito kuliko masharti ya kozi.

## Hela

Ada inahesabiwaje?

Kuna mifumo miwili. Kama unalipa ada ya jumla kwa muhula au mwaka, winta mara nyingi inamezwa humo mpaka kikomo fulani cha krediti, ukizidi unalipa nyongeza. Kama unalipa kwa krediti, kila krediti ya winta ina bei yake kamili kama ya muhula mwingine. Swali la kumuuliza mtu wa ofisi ya ada ni hili: krediti za winta zinahesabiwa kwenye muhula wa vuli au wa machipuko? Jibu hilo moja linaamua ada, mkopo, udhamini, na wakati mwingine hata kikomo chako cha krediti.

Mkopo wa serikali unanisaidia kwa winta?

Hili ni kwa raia na wenye makazi ya kudumu Marekani. Vyuo vingi haviichukulii winta kama muhula kamili wenye mkopo wake, wanaibandika kwenye vuli au machipuko, kwa hiyo hakuna bomba jipya la hela linalofunguka Januari. Kikomo cha mkopo wa moja kwa moja wa mwanafunzi wa uzamili ni dola 20,500 kwa mwaka wa masomo na winta haikiongezi hata senti. Ukishautumia wote vuli na machipuko, Januari uje na hela yako.

Mwajiri wangu ananilipia masomo, kuna la kuangalia?

Lipo, na ni tamu. Sheria ya kodi ya Marekani inamruhusu mwajiri kukusaidia ada mpaka dola 5,250 kwa mwaka bila hiyo hela kuhesabiwa kama kipato chako. Huo ni mwaka wa kalenda, sio wa masomo. Sasa winta imekaa pale pale mwaka unapogeuka. Ukiwa umeshamaliza 5,250 ya mwaka huu kwenye kozi za vuli, kozi ya Januari inayolipwa Januari inaweza kuingia kwenye kapu jipya. Lakini bili nyingine za winta zinatakiwa zilipwe Desemba, na waajiri wengine wanarudisha hela baada ya greda kutoka, kwa hiyo kaa na mtu wa rasilimali watu muangalie tarehe zenu kabla hujalipa, sio baada.

Nikijitoa narudishiwa hela?

Hapa watu wanalia. Kwenye muhula wa kawaida una wiki moja mbili za kuonja kozi. Kwenye kozi ya siku tano, muda wa kujitoa bila kuathirika unaweza kuisha jioni ya siku ya kwanza, na kwenye vyuo vingine unaisha kabla kozi haijaanza kabisa. Baada ya hapo unakatwa ada yote au sehemu kubwa na transkripti inabaki na alama ya kujitoa. Andika tarehe hiyo kwenye simu siku ile ile unayojiandikisha.

## Wiki yenyewe

Kazi ya kabla ni nini na lazima niifanye?

Lazima. Silabasi inatoka wiki mbili tatu kabla, na ndani yake kuna kesi za kusoma, video, wakati mwingine chemsha bongo au karatasi fupi yenye maksi inayotakiwa kabla ya mlango kufunguliwa. Zile saa 135 za kule juu, hapa ndo fungu zuri linapokaa.

Nitawaambia la kwangu. Kozi yangu ya kwanza ya winta ilikuwa ya modeli za fedha. Tulitumiwa faili la mazoezi Desemba, likiwa na maelezo jinsi ya kupaka rangi, buluu kwa namba unazoingiza kwa mkono, nyeusi kwa fomula. Nikaona ni mapambo tu, nikasema nitasoma kwenye ndege. Kwenye ndege nililala. Siku ya pili usiku saa saba mizania yangu haibalansi, upande wa mali unazidi upande wa madeni na mtaji, na pengo linakua kwa kiasi kile kile kila mwaka, na sijui namba ipi niliandika kwa mkono na ipi ni fomula kwa sababu kila kitu ni cheusi. Kumbe kwenye mtiririko wa fedha niliandika uchakavu kwa mkono mwaka wa kwanza, nikaburuza kulia. Seli moja. Ingekuwa ya buluu ningeiona kwa dakika mbili, mimi nilikaa nayo mpaka saa tisa.

Siku inakuwaje?

Kwa kawaida saa tatu asubuhi mpaka saa kumi au kumi na moja jioni, mapumziko mafupi mawili, chakula cha mchana ambacho mara nyingi ni cha kundi na mnakula mkiongea kazi. Jioni kuna asaimenti ya kesho. Kozi nyingi siku ya mwisho ni prezentesheni, na faili la mwisho linatumwa wiki moja au mbili baadaye. Usipange kitu kingine cha maana jioni za wiki hiyo.

Kundi langu limejaa watu wasiofanya kazi, nifanyeje?

Kwenye muhula mrefu ungengoja waone aibu. Hapa hauna huo muda, sema siku ya kwanza jioni, kwa upole lakini kwa majina ya kazi: wewe spredishiti, wewe slaidi tatu za mwanzo, mimi naandika. Watu wengi sio wavivu ila hawajui kinachosubiriwa kwao. Ikifika siku ya tatu bado, mwambie profesa kabla ya prezentesheni, baada ya greda ni majungu.

Nikiumwa siku moja, au theluji ikifunga chuo?

Siku moja kati ya tano ni asilimia 20 ya kozi. Silabasi nyingi zinasema wazi ukikosa siku nzima unashushwa greda au unatolewa, na kukosa kipindi cha kwanza kunaweza kukupotezea nafasi yako apewe aliyeko foleni. Ukiumwa kweli, andika imeili asubuhi hiyo hiyo kwa profesa na ofisi ya wanafunzi wote wawili, kuna njia ya kujitoa kwa sababu za kiafya ambayo ni tofauti na kujitoa kwa kawaida, hata hela yake inatazamwa tofauti.

Theluji ni suala jingine maana sio kosa lako. Kwa kawaida darasa linahamia Zoom au siku inasogezwa Jumamosi. Kwa hiyo usikate tiketi ya kuondoka Ijumaa saa moja usiku. Na ya kuja usiikate ya Jumapili usiku, ndege za Januari zinaahirishwa kama mchezo.

## Maksi

Inaingia kwenye GPA, yaani wastani wa greda zangu?

Ikiwa ina krediti na greda ya herufi, ndiyo, kama kozi nyingine yoyote. Baadhi ni za kufaulu au kufeli tu na hizo hazigusi GPA. Usiingie ukidhani, soma ukurasa wa kozi.

Ushiriki darasani unabeba uzito mkubwa kuliko kwenye kozi ndefu, kwa sababu rahisi kwamba hakuna nafasi ya mitihani mitatu. Kama wewe ni mtu wa kukaa kimya mpaka wiki ya nne ndo unaanza kuongea, kozi hii itaisha kabla hujafungua mdomo. Jiwekee sheria ya kusema kitu kimoja kabla ya mapumziko ya kwanza, hata kama ni swali.

## Kozi za safari

Zile za kusoma nchi nyingine zikoje?

Stern ya New York University wana kozi zao za Doing Business in, Wharton wana Global Modular Courses, na shule nyingi nyingine zina za kwao. Mnaenda nchi fulani wiki moja au mbili, asubuhi lekcha, mchana kutembelea makampuni, na kunakuwa na mikutano kabla ya safari na karatasi baada yake. Nikisema ukweli, ubora wake unatofautiana sana. Nzuri ni ile ambayo ziara zinajibu swali moja, mbaya ni ile mnayozungushwa ofisi nane na kila ofisi inawaonyesha slaidi za historia ya kampuni. Omba ratiba ya mwaka uliopita kabla hujaamua.

Ada inajumuisha ndege na hoteli?

Ndege mara nyingi haimo. Hoteli, usafiri wa ndani na baadhi ya milo kwa kawaida vinaingia kwenye ada ya programu, ambayo ni tofauti na ada ya krediti, kwa hiyo unalipa mara mbili na ndege juu. Ada ya programu ikishapita tarehe yake hairudi.

Nina viza ya mwanafunzi, safari hizi ni salama kwangu?

Angalia vitu vitatu. Nchi mnayoenda inataka viza kwa pasi yako? Wenzako wenye pasi za Ulaya wanapita tu, wewe unaweza kuhitaji wiki sita za kusubiri, na chuo hakitakufuatilia hilo. Pili, fomu yako ya I-20, ile unayopewa na chuo kwa ajili ya viza, ina saini ya ruhusa ya kusafiri ambayo haijapita miezi 12? Tatu na kubwa kuliko zote, viza ya Marekani kwenye pasi bado haijaisha? Ikiwa imeisha, unaishi Marekani kihalali bila shida, lakini ukitoka itabidi uombe upya huko nje ndo urudi, na machipuko yanaanza wiki inayofuata. Kwa kozi ya krediti 1.5 mimi nisingethubutu.

## Wanafunzi wa kigeni

Krediti za winta zinanisaidia kutimiza mzigo kamili wa F-1, yaani krediti ambazo viza ya mwanafunzi inanitaka nisome kila muhula?

Inarudi kwenye lile swali la ofisi ya ada: zinahesabiwa muhula gani? Chuo kikiziweka machipuko zinaweza kuhesabika huko, kikiziweka peke yake hazisaidii. Mshauri wa wanafunzi wa kigeni ndiye mwenye neno, sio rafiki aliyefanya mwaka jana. Na kama kozi ni ya mtandaoni kabisa, kumbuka kwa mwenye F-1 ni kozi moja tu, au krediti tatu, za mtandaoni kwa muhula zinazoweza kuhesabiwa kwenye mzigo kamili.

Naweza kufanya kazi chuoni zaidi ya saa 20 nikiwa kwenye kozi ya winta?

Wakati wa masomo kikomo ni saa 20 kwa wiki, wakati wa likizo rasmi unaweza kufanya muda wote kama unarudi muhula unaofuata. Utata ni kwamba wewe uko darasani wakati kalenda inasema likizo. Pata jibu kwa maandishi kutoka kwa mshauri wa wanafunzi wa kigeni. Kivitendo, na zile saa za darasani, sijui hiyo kazi ungeifanya saa ngapi.

## Hali za pembeni

Kozi imegongana na intavyuu za intanshipu, nachagua nini?

Intavyuu. Sina maelezo marefu. Januari ndo msimu ambao kampuni za ushauri na benki za uwekezaji zinawahoji mwaka wa kwanza kwa ajili ya kiangazi, na tarehe zinatolewa kwa taarifa fupi. Profesa wengine wanakupa ruhusa ya masaa mawili, wengine hawatoi hata dakika. Kama unatafuta kazi za aina hiyo, ama chukua kozi ya wiki ya kwanza kabisa ya Januari ama usichukue.

Naweza kuchukua mbili winta moja?

Moja baada ya nyingine, vyuo vingine vinaruhusu. Tatizo ni kwamba kazi ya baada ya kozi A inaangukia juu ya wiki ya kozi B, na kazi ya kabla ya B inaangukia juu ya wiki ya A. Nimewaona waliofanya, wiki ya pili walikuwa wanapiga miayo mpaka machozi.

Nimebakiza krediti 1.5 tu, nikizifanya winta nahitimu lini?

Kwa kawaida sio Desemba, maana greda zinatoka Januari mwishoni au Februari. Cheti kinakuwa na tarehe ya kuhitimu inayofuata kwenye kalenda ya chuo. Mwenye F-1 awe makini zaidi hapa, tarehe ya kumaliza programu ndo inayoendesha maombi ya OPT, ile ruhusa ya kufanya kazi baada ya masomo, na unaweza kuanza kuomba siku 90 kabla ya tarehe hiyo, mwisho ni siku 60 baada yake. Winta ikisogeza tarehe, kila kitu kinasogea nayo.

Kozi imefutwa wiki moja kabla, tayari nimelipa na nina tiketi ya ndege.

Inatokea, hasa waliojiandikisha wakiwa wachache. Ada ya kozi unarudishiwa yote, na hilo usikubali jibu lingine. Tiketi yako ya ndege ni mzigo wako. Omba siku hiyo hiyo uingizwe kwenye kozi nyingine ya winta bila kupita foleni, ofisi nyingi zinakubali kwa sababu kosa ni lao, lakini wanakubali kwa waliopiga simu mapema.